Mbwa wa Bisie: sheria ianze na sindano, si na risasi

Kwenye soko la mgodi mbwa haombi ruhusa ya kuingia. Anapita chini ya meza ya mwuza nyama, analala mbele ya mlango wa kituo cha afya, anafuata watoto mpaka kwenye chemchemi. Ndivyo ilivyo upande wa Bisie, Logu na Mubi, na ndivyo ilivyo Masisi, mahali ambapo familia zilizokimbia vita zimejenga vibanda vya majani na turubai. Hakuna anayeshangaa. Watu wanaanza kuzungumza habari za mbwa siku moja tu, siku mtoto ameumwa. Siku hiyo kila mtu anataka mbwa wote wauawe kabla ya jua kutua. Baada ya wiki mbili maneno yameisha, na mbwa wengine wamekuja.

Kuna swali la kuulizwa kabla ya siku hiyo kufika: ni sheria gani inamhusu mbwa anayezunguka sokoni, kambini au kando ya mto? Wakaaji wengi watajibu kwamba hakuna. Kumbe ipo, na ni ya zamani kuliko barabara zote za Walikale. Amri ya tarehe 30 Julai 1888, ya enzi za mfalme Leopold II, mpaka leo ndiyo msingi wa kitabu cha tatu cha sheria ya kiraia ya Kongo. Kifungu chake cha 261 kinasema kwamba mwenye mnyama, au yule anayemtumia wakati anapomtumia, atajibu kwa hasara yote ambayo mnyama huyo ameleta, awe alikuwa chini ya ulinzi wake, awe amepotea au ametoroka.

Maneno hayo ya mwisho yasipitwe haraka. Mtu hawezi kujitetea kwa kusema mbwa alikata kamba. Hawezi kusema alitoka usiku bila yeye kujua. Na yale maneno "yule anayemtumia" yanagusa watu wengi zaidi ya wenye mbwa. Mwindaji aliyeazima mbwa wa jirani kwenda naye porini yumo. Mwenye duka anayemtupia mbwa mifupa ili abweke wezi wakija, naye hayuko mbali. Pale Bisie mbwa wengi husemwa kwamba hawana mwenyewe. Ukichunguza, wengi wana mtu anayewatumia usiku na kuwakana asubuhi.

Lakini kifungu hicho kinafanya kazi baada ya jino kuingia kwenye nyama. Kinahitaji mwenye mbwa ajulikane na mahakama iwepo karibu. Hakisemi kama mbwa anaweza kuingia sokoni, wala kama anapaswa kufungwa saa za watoto kwenda kuteka maji. Mambo hayo ni ya utawala wa karibu, yaani sekta na shefferi. Sheria namba 08/016 ya tarehe 7 Oktoba 2008 inaipa kila sekta na kila shefferi baraza lake na uongozi wake. Kwenye karatasi, wajumbe wa sekta ya Wanianga au wa shefferi ya Bashali wangekaa kwenye benchi, wabishane kuhusu mbwa, na kutoka na uamuzi.

Benchi hilo liko tupu. Wajumbe wa mabaraza ya sekta na shefferi hawajawahi kuchaguliwa na wananchi. Tangu tarehe 6 Mei 2021 Kivu Kaskazini iko chini ya hali ya kuzingirwa, na maofisa wa jeshi na polisi ndio waliowekwa kuongoza jimbo na wilaya zake. Masisi ina mzigo wa ziada: M23 waliingia Masisi-kati tarehe 4 Januari 2025, na tangu hapo amri imekuwa ikitegemea ni nani anashika kilima gani. Kwa hiyo wanabaki wakuu wa sekta, wa grupema na wa vijiji, ambao mara nyingi hawana hata karatasi ya kuandikia, na pembeni yao watu wenye bunduki.

Ndiyo maana huku sheria ya mbwa imekuwa risasi, au rungu, au nyama iliyotiwa sumu. Na wanaotoa amri hiyo si watu wabaya. Wameona mtoto akivuja damu, na mama yake anawaangalia wafanye kitu. Hata hivyo ni amri mbaya.

Kwanza, inaua habari. Mbwa aliyeuma akifungwa mahali salama, akapewa maji na chakula na kuangaliwa kwa siku 10, yeye mwenyewe ndiye atakayesema kama ni mgonjwa. Mbwa mwenye kichaa kilichofikia hatua ya kuambukiza kwa mate hufa au huonyesha dalili ndani ya siku hizo. Akibaki mzima, anakula na kubweka kama kawaida, basi siku ile alipouma hakuwa na ugonjwa kwenye mate yake. Akishauawa na kutupwa mtoni, familia ya mtoto inabaki na hofu ya miezi mingi, na muuguzi hana la kuwaambia. Mtoto lakini asingojee siku hizo 10 ziishe ndipo apelekwe. Anaanza matibabu mara moja. Mbwa akibaki mzima, ni mganga atakayeamua kuyasimamisha.

Pili, ni risasi. Familia iliyotoka Nyabiondo au Mweso ikikimbia milio ya silaha haiwezi kuambiwa kwamba milio ya usiku huu ni ya mbwa tu. Watoto hawajui tofauti. Na risasi ikikosa mbwa haikosi turubai. Sumu nayo inafika kwenye kuku, kwenye nguruwe, na kwenye kijito ambacho watu wanakunywa.

Tatu, haimalizi ugonjwa. Kisiwa cha Flores, Indonesia, kilipata kichaa cha mbwa mwaka 1997. Viongozi wakaamuru mbwa wauawe kwa wingi, na katika sehemu kadhaa za kisiwa karibu nusu yao waliuawa. Ugonjwa ulibaki. Sababu haihitaji shule kubwa. Mwenye mbwa anamficha mbwa wake au anampeleka kijiji kingine, naye anakwenda na ugonjwa. Nafasi inayobaki wazi inajazwa na watoto wa mbwa wa mwaka huo, ambao hawajachanjwa.

Karibu zaidi na huku, kwa watu wanaosema Kiswahili, iko Pemba. Kisiwa hicho cha Zanzibar kilichanja mbwa, na mwaka 2014 ugonjwa ukaisha. Mwaka 2016 ukarudi kupitia mbwa waliotoka bara. Wakachanja tena, na mwishoni mwa 2018 ukaisha tena. Hawakumaliza mbwa wa Pemba. Walimaliza ugonjwa ndani ya mbwa. Shirika la Afya Duniani linasema mbwa 70 kati ya 100 wakichanjwa, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Ni kweli Walikale si kisiwa. Ina msitu, ina barabara, ina vita, na mbwa wanaingia kila siku pamoja na watu. Hiyo inamaanisha chanjo itabidi irudiwe kila mwaka. Risasi pia ingebidi irudiwe kila mwaka, tena bila faida.

Kinachoogopwa hapa ni ugonjwa ambao kwenye daftari la kituo cha afya huandikwa kwa Kifaransa "rage", wazimu wa mbwa kama wanavyosema wazee. Dalili zikishaonekana kwa mtu, akashindwa kumeza maji, akatetemeka akiona kikombe, karibu hakuna anayepona popote duniani. Kila mwaka watu wapatao 59,000 wanakufa hivyo, wengi Afrika na Asia, na karibu wote wameambukizwa na mbwa. Kati ya watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huu, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Kongo inajua. Kati ya Januari na Juni 2009, Kinshasa, mji mkuu wenye waganga na vyuo, watoto 21 walipokelewa katika hospitali ya watoto ya Kalembelembe wakiwa na ugonjwa huo. Kama ilitokea pale, mtoto wa kambi ya wachimbaji katikati ya msitu ana kinga gani?

Ana kinga moja ambayo haihitaji barabara: sabuni na maji. Jeraha lioshwe palepale, kwa maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kamili. Dakika 15 ni nyingi kuliko watu wanavyodhani. Ni muda wa kuchemsha sufuria ya viazi ikaanza kutokota, na mtoto atalia muda wote huo. Aoshwe tu. Halafu apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama alama ni ndogo kama mkwaruzo, kwa sababu ugonjwa hujificha kwa kawaida miezi 2 au 3 na unaweza kufika mwaka. Jeraha hupona, ngozi hufunga, wazazi husahau, halafu ugonjwa huja. Wapo wanaoweka jiwe jeusi juu ya jeraha, au majani, au pilipili. Jiwe jeusi halivuti kitu hicho. Na wale wanaokula nyama ya mbwa, maana wapo na si siri, wajue kwamba kumchinja mbwa mgonjwa na kushika kichwa chake kwa mikono yenye vidonda ni hatari ileile ya kuumwa.

Chanjo ya mtu aliyeumwa ni jambo gumu zaidi, na hapo ndipo hasira ya wakaaji ingeelekezwa kuliko kwa mbwa. Njia ya kutoka Walikale kwenda Goma inapita Masisi na Sake, ardhi ya vita, na tangu M23 waingie Goma mwishoni mwa Januari 2025 safari hiyo imekuwa swali la maisha yenyewe. Mzazi hawezi kuvuka mistari ya mapigano mara tatu kwa sindano tatu. Dozi za watu lazima zifike eneo la afya la Walikale kabla ya mtoto kuumwa, zikae kwenye friji ya sola, na wakaaji waambiwe waziwazi ziko kituo gani. Sheria yoyote juu ya mbwa ambayo haina jibu kwa hilo ni kelele.

Basi amri nzuri ya sekta ingekuwaje? Ingesema mbwa haingii sokoni, hafiki kwenye meza za nyama wala kwenye chemchemi saa za kuteka maji. Ingemtaka kila anayemtumia mbwa amfunge mchana na awe tayari kumleta achanjwe. Ingewataka wauza nyama wafukie mifupa na matumbo badala ya kuyatupa nyuma ya meza, kwa kuwa mbwa hawaji sokoni kwa mapenzi ya watu, wanakuja kwa takataka. Salongo ya asubuhi ikifanywa kweli, robo ya tatizo imekwisha bila kugusa mbwa hata mmoja. Na ingesema nani anamshika mbwa aliyeuma na wapi anafungwa siku zile 10, ili isiwe kazi ya kila kijana mwenye panga.

Kuna kitu kimoja ambacho amri hiyo isiwe nacho hata kidogo: pesa za kulipa njiani. Watu wa Walikale na Masisi wamelipa kwenye barieri za kila aina, wamelazimishwa kununua jetoni za kila mwezi kutoka kwa makundi yenye silaha, wamelipa kwa kubeba mchanga wa madini na kwa kubeba ndizi. Jetoni ya mbwa itazaliwa haraka sana kama mlango utaachwa wazi. Siku faini ya mbwa itakapokusanywa na mtu mwenye bunduki, mbwa wote wa Bisie watakuwa "hawana mwenyewe" kwa saa moja, na hakuna atakayeleta wake achanjwe. Chanjo iwe bure. Faini, kama lazima iwepo, iwe kwa yule tu aliyekataa kufunga mbwa aliyekwisha kuuma mtu, na ilipwe ofisini kwa risiti.

Nani atalipa chanjo? Hapa wakuu husema sekta ni maskini. Sekta ya Wanianga inabeba mgodi wa Bisie, katika grupema ya Wassa, ambao mwaka 2024 ulitoa zaidi ya tani 17,000 za bati, moja ya migodi mikubwa ya bati duniani. Sheria ya madini iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 inagawa ushuru wa madini hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa sekta au shefferi ambamo mgodi umo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Zaidi ya hapo kampuni inapaswa kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazozunguka mgodi. Ni haki ya wakaaji kuuliza fedha hizo zimefanya nini, na kuomba sehemu ndogo sana yake inunue chanjo za mbwa. Hazihitaji jengo, hazihitaji mhandisi kutoka nje.

Wengine watasema chanjo zitaharibika kwa joto. Tanzania wamelijibu hilo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba chanjo moja ya mbwa inayotumika sana, hata baada ya kukaa miezi 6 kwenye joto la digrii 25, au miezi 3 kwenye digrii 30, bado iliwapa mbwa kinga. Baadaye watafiti wa huko wakatengeneza chombo cha kupoza kwa kutumia vyungu vya udongo, mchanga na maji, bila umeme, ili chanjo ikae kijijini kwa mtu wa kijiji badala ya kungoja gari kutoka mjini. Mama yeyote wa Masisi anajua chungu kinavyopoza maji. Hii ni kwa chanjo ya mbwa, si ya watu, na si kila chapa inavumilia hivyo; daktari wa mifugo aulizwe. Lakini kisingizio cha friji kimepungua sana.

Linabaki jambo la wahami, ambalo husemwa kwa sauti ya chini. Tarehe 19 Machi 2025 M23 walipoingia Walikale-kati, na mgodi ukiwa umesimamisha kazi tangu tarehe 13, watu walitoka kwa miguu na vifurushi. Anayekimbia na mtoto mgongoni hamfungi mbwa kamba. Mbwa wengine wakafuata familia, wengine wakabaki kulinda nyumba tupu, na mbwa mwenye njaa anatafuta wenzake wenye njaa. Watu waliporudi, au walipofika kwingine, neno likawa "mbwa wa wahami wameleta ugonjwa". Si haki. Mbwa wa mwenyeji ambaye hajachanjwa na mbwa wa mhami ambaye hajachanjwa wana mate yaleyale. Amri ikianza na mbwa wa kambini, itakuwa imeanza na wenyewe, na kila mtu kambini ataelewa hivyo. Ianze na mbwa wa chifu, achanjwe mbele ya watu siku ya soko.

Wawindaji nao wasisahauliwe. Mbwa wao, wenye kengele ya mti shingoni, ndio wanaoingia msituni kukutana na wanyama wengine na kurudi kulala kati ya watoto. Wengine wanajificha kwa sababu wanajua wanawinda wanyama ambao sheria imekataza. Jambo hilo lishughulikiwe siku nyingine na watu wengine. Mchanja mbwa asiulize mbwa amekamata nini. Wafugaji wa Masisi wana sababu yao pia: mbwa mwenye kichaa akiuma ng'ombe, ng'ombe anakufa, na hakuna sheria itakayomrudisha.

Yote hayo yanaingia kwenye karatasi moja. Mkuu wa sekta anaweza kuitia sahihi bila kungoja uchaguzi wala amani, mradi asomewe kwanza mganga mkuu wa eneo la afya na daktari wa mifugo, kisha isomwe kanisani, msikitini na sokoni, kwa Kiswahili, Kinyanga, Kikumu, Kihunde, Kitembo na Kinyarwanda. Siku ya dunia ya kupambana na ugonjwa huu ni tarehe 28 Septemba. Karatasi ikitoka kabla ya hapo na chanjo zikiwa zimefika, siku hiyo wakaaji wa Bisie wanaweza kuletwa na mbwa wao kwenye uwanja wa soko, kila mmoja na kamba yake.